Okigbo Kizimbani

Mwaka 1971 mwana wa Mombasa alimpandisha kizimbani mshairi aliyekwisha kufa. Mwana huyo ni Ali Mazrui, wakati huo profesa wa siasa Makerere, na mahakama yenyewe iko ahera, katika riwaya yake The Trial of Christopher Okigbo. Shitaka ni zito: mshairi mkubwa kama huyu alipata wapi haki ya kutupa kalamu na kwenda kufia kabila lake? Anayemtetea ni Hamisi, mwandishi wa habari wa Kenya aliyekufa kwa ajali ya gari.

Ukweli ni kwamba Okigbo aliuawa mwaka 1967 karibu na Nsukka, akiwa meja wa jeshi la Biafra. Ojukwu, kiongozi wa Biafra, alikuwa ametangaza eneo hilo la mashariki kujitenga na Nigeria Mei 30 mwaka huo. Mapigano yakaanza Julai na kuendelea hadi Januari 1970. Waliokufa kwa njaa, baada ya serikali ya Lagos kuizingira Biafra, ni wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Tanzania ndiyo iliyotangulia kuitambua Biafra, Aprili 13, 1968, kwa hiyo kesi ya Mazrui haikuwa ya mbali kwa wasomaji wa Afrika Mashariki.

Kinachoipa kesi hiyo makali ni jambo moja. Mwaka 1966 Okigbo alishinda tuzo ya ushairi katika tamasha la sanaa za watu weusi la Dakar, akaikataa kwa kuwa haoni sababu ya kushindanisha ushairi kwa rangi ya ngozi. Mwaka uliofuata mtu huyohuyo akashika bunduki upande wa Waigbo wenzake. Mazrui ameling'ang'ania swali hilo kisomi mno. Wahusika wake wanahutubia kuliko wanavyozungumza.

Chinua Achebe, rafiki wa marehemu, alipita njia nyingine. Vita vilipoanza, yeye na Okigbo walikuwa wamefungua kampuni ya uchapishaji mjini Enugu, Citadel Press. Mswada mmoja waliopokea ulitoka kwa John Iroaganachi, hadithi ya watoto kuhusu mbwa alivyokuja kufugwa. Achebe aliuandika upya mpaka ukageuka. Sasa chui ni mfalme mpole, hana meno makali wala kucha, na wanyama wamejenga nyumba ya pamoja ya kujikinga na mvua. Mbwa, mwenye meno, hakushiriki ujenzi. Mvua inapomzidi anawavamia na kuitwaa. Wanyama wanamgeuka mfalme wao na kumsujudia mbwa. Chui anakwenda kwa mhunzi kutengenezewa meno na kucha, anaomba sauti kwa radi, kisha anarudi. Enugu ilitekwa, Citadel ikaangamia, lakini hadithi ilinusurika na kutoka mwaka 1972, ikiwa na shairi la Okigbo ndani yake. Ni kitabu cha watoto kwa jina tu.

Si kila mtu wa mashariki alikuwa Mbiafra kwa moyo. Mwandishi Ken Saro-Wiwa, wa kabila la Waogoni, alikuwa upande wa serikali kuu. Katika riwaya yake Sozaboy, ya mwaka 1985, kijana Mene anajiunga na jeshi kwa kupenda sare, anapigana upande huu, anajikuta upande ule, na hajui vita ni vya nini. Anaporudi kijijini Dukana, mama na mke wameshakufa, na wanakijiji wanamkimbia wakidhani ni mzuka. Hapo hakuna shujaa wa kumpeleka kizimbani.

Chimamanda Ngozi Adichie alizaliwa mwaka 1977, vita vikiwa vimekwisha. Katika Half of a Yellow Sun, iliyotoka 2006, yumo mshairi Okeoma, anayeacha mashairi na kuingia jeshini. Anayemjua Okigbo hahitaji kuambiwa. Biyi Bandele akaifanya filamu, iliyooneshwa Toronto mwaka 2013. Nigeria kwenyewe ilipangwa kutoka Aprili 2014, bodi ya ukaguzi wa filamu ikaizuia. Watu walikuwa wakiisoma riwaya hiyo bila kizuizi kwa miaka kadhaa, lakini sinema ilibidi isubiri hadi Agosti.