Karani na Mwanafunzi

Katika kumbukumbu za familia ipo picha yangu mbele ya mnara wa saa wa Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, na chini yake wajukuu wameandika: "Babu akiwa mwanafunzi." Maneno hayo si sahihi, na historia haijengwi juu ya kosa, hata likiwa kosa la mapenzi. Mimi pale nilikuwa karani. Mwanafunzi alikuwa mdogo wangu wa kike, naye ndiye aliyenipiga picha hiyo.

Kwanza ijulikane nchi ilikotoka. Mwaka 1970 Omani nzima ilikuwa na skuli tatu tu za serikali, zote za wavulana. Miaka kumi baadaye, Sultan Qaboos alitangaza kuwa kitajengwa chuo kikuu. Ujenzi ulianza 1982 huko Al Khoud, magharibi ya Maskati, na mwaka 1986 wakaingia wanafunzi wa kwanza, wapatao 500, wake kwa waume. Vitivo vilikuwa vitano: Utabibu, Uhandisi, Kilimo, Sayansi, na Elimu na Taaluma za Kiislamu.

Wakati huo baba yetu amekwisha fariki, nami nasoma masomo ya usiku, nikitaraji kumaliza sekondari niliyoikatiza Unguja. Barua ya kukubaliwa mdogo wangu ilipofika, nilimsomea mama kwa Kiswahili, kwani Kiarabu chake kilikuwa cha sala tu. Alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Chuo hakitaki ada, mwanangu, lakini nyumba ina matumbo. Mpishe mdogo wako."

Nikampisha. Niliacha masomo, nikashika kazi ya mafaili.

Chuoni wanawake walipita njia za juu, wanaume za chini. Siku moja, nimebeba mafaili, nilisikia juu yangu sauti yake akicheka na wenzake kwa Kiswahili cha nyumbani. Sikuinua kichwa. Nilijua tu kwamba mshahara wangu umefika mahali pake.

Alihitimu, akasomesha miaka mingi. Sababu ya mimi kuacha masomo hakuijua mpaka leo anapoisoma hapa. Nawaombeni basi mbadilishe maneno yale, muandike: "Babu akiwa kazini. Picha imepigwa na mdogo wake, mwanafunzi wa mwanzo katika ukoo wetu kuingia chuo kikuu."