Historia ya Dumu la Lita Nne

Kiswahili kilikuwa na maneno ya kazi hii kabla kamera haijabuniwa. Haluli ni chumvi ya kuharisha. Sanamaki ni majani yaliyotufikia kwa njia ya Waarabu, na jina lenyewe linaitaja Makka. Mafuta ya nyonyo ni makongwe zaidi: yamo kwenye mafunjo ya Ebers ya Misri, ya mnamo mwaka 1550 KK. Herodotus, Mgiriki, aliandika kwamba Wamisri walijisafisha tumbo siku tatu mfululizo kila mwezi, wakiamini magonjwa yote hutokana na chakula.

Kwa hao wote kuharisha ndiyo tiba yenyewe. Ukishaendesha, umepona, au angalau umeambiwa hivyo. Kolonoskopi ilikuja na hitaji jingine kabisa: daktari hataki kukutibu kwa kuharisha, anataka kuona. Ni kama kufuta kioo cha gari.

Picha za eksirei zilikuwa zimeanza kudai utumbo safi, lakini kamera ilikuwa kali zaidi. Mwaka 1969, William Wolff na Hiromi Shinya walikuwa New York wakipitisha mpira wenye kuona ndani ya utumbo mpana, na muda si mrefu wakawa wanakata vinyama humohumo kwa waya wa umeme. Vinyama hivyo ndivyo baadhi yake hugeuka saratani. Kimoja kikijificha nyuma ya kinyesi, safari nzima ni bure.

Miaka ya 1970 wakajaribu kusukuma maji ya chumvi, lita 10 hivi, kwa mpira uliopitishwa puani. Yalisafisha kweli. Shida ni kwamba mwili uliyafyonza baadhi, na kwa mgonjwa wa moyo au figo hiyo ni hatari. Wengine wakatumia manitoli, aina ya sukari isiyofyonzwa vizuri. Tamu, hainyweki kwa shida. Ila bakteria wa tumboni nao waliipenda; waliichachusha na kutoa gesi ya hidrojeni. Mwaka 1979 madaktari wa Ufaransa waliripoti kilichofuata: waya wa umeme ulitoa cheche wakati wa kukata kinyama, utumbo ukalipuka, mgonjwa akafa. 

Jibu lilitoka Dallas mwaka 1980, kwa Glenn Davis, John Fordtran na wenzao. Walichukua polithilini glaikoli, kitu ambacho watafiti wa utumbo walikuwa wakikitumia kama alama kwa sababu moja tu: kinaingia na kinatoka kilevile. Wakaongeza chumvi kwa vipimo ili mwili usipoteze maji wala kuyapokea. Chumvi kuu humo ilikuwa salfeti ya sodiamu, ileile ambayo Johann Glauber, mkemia wa Kijerumani wa karne ya 17, aliiita chumvi ya ajabu. Bakteria hawana cha kuchachusha. Tatizo likabaki ladha, na lita 4 za hiyo ladha.

Watu wakatafuta njia ya mkato: chupa ndogo ya fosfeti ya sodiamu, midomo michache, basi. Ilipendwa sana, na mimi ningeipenda. Halafu figo za baadhi ya wanywaji zikaanza kujaa vijiwe vidogo vya fosfeti, nyingine zisipone tena. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo lake zito kabisa, na chupa ya kununua bila cheti ikaondolewa kwa kazi hiyo.

Dumu likarudi. Kilichobadilika zaidi ni saa: nusu jioni, nusu alfajiri, kwa sababu utumbo mwembamba hauachi kutiririsha majimaji usiku kucha na kuchafua tena palipokwisha safishwa. Mjomba wangu alikunywa ile ya jioni vizuri, ya alfajiri akaimwaga kwenye sinki, maana chooni alikuwa anaona maji matupu. Kamera ikakuta ukungu wa kahawia. Wakamrudisha nyumbani na dumu jingine, na safari ya pili, akiwa amelimaliza lote huku akitutukana, walimkata vinyama viwili.