Mwamuzi, Filimbi na Dawa za Kuongeza Nguvu

Mwezi Januari 2022, katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Kameruni, waamuzi wawili waliingia katika historia kwa njia mbili tofauti. Tarehe 12, mjini Limbe, Janny Sikazwe wa Zambia alipuliza filimbi ya mwisho katika dakika ya 85 ya mchezo wa Tunisia na Mali. Mchezo ulipoendelea, aliumaliza tena kabla ya dakika 90 kutimia. Ilielezwa baadaye kwamba joto kali lilimzidi nguvu. Siku 6 baadaye, mjini Yaoundé, Salima Mukansanga wa Rwanda akawa mwanamke wa kwanza kuchezesha mchezo wa fainali hizo akiwa mwamuzi wa kati, Zimbabwe ilipoifunga Guinea 2-1.

Visa hivi vinatukumbusha kwamba haki ya wachezaji hutegemea pia mwili wa mwamuzi. Je, basi, aruhusiwe kutumia dawa za kuongeza nguvu? Swali hili si la mzaha. Wanaoliunga mkono husema kwamba mwamuzi hashindanii kikombe, kwa hiyo dawa yake haimdhulumu mtu. Ili tuwajibu, hatuna budi kurudi nyuma.

Sheria za mpira wa miguu zilizoandikwa London mwaka 1863 hazikumtaja mwamuzi hata kidogo. Ilidhaniwa kwamba waungwana wangesuluhishana wenyewe. Ushindani ulipokolea, kila timu ilileta mwamuzi wake, na refa akasimama nje ya uwanja akingoja kuulizwa pale wawili hao walipokosa kupatana. Mwaka 1891 ndipo alipoingizwa uwanjani na kukabidhiwa uamuzi wote. Tangu hapo, kazi ya kuamua ikawa pia kazi ya kukimbia. Leo mwamuzi wa kimataifa hupimwa kwa mbio fupi 6 za mita 40, kisha mbio 40 za mita 75, akitembea mita 25 baada ya kila moja.

Marufuku ya dawa nayo ilipita njia yake. Shirikisho la kimataifa la riadha lilikataza vichocheo mwaka 1928, lakini bila vipimo katazo hilo lilibaki maandishi matupu. Tarehe 13 Julai 1967, mwendesha baiskeli Mwingereza, Tom Simpson, alianguka na kufariki akiupanda Mlima Ventoux katika Tour de France, siku ya jua kali. Mwilini mwake ilikutwa amfetamini. Mwaka uliofuata vipimo vilianza katika Olimpiki, na mwaka 1999 likaundwa shirika la WADA. Hata hivyo, aliyelengwa hasa katika safari hiyo yote alikuwa mshindani. Mwamuzi, aliyesahauliwa mwaka 1863, alibaki tena pembezoni.

Kifo cha Simpson kinatupa jibu la kwanza. Kichocheo hakiondoi uchovu, bali hunyamazisha onyo lake. Katika joto la Limbe, dawa ya namna hiyo ingezidisha hatari badala ya kuleta haki.

Jibu la pili ni kwamba si kweli kuwa mwamuzi hashindani. Kwa Kombe la Dunia la Qatar mwaka 2022 waliteuliwa waamuzi wa kati 36 tu kutoka dunia nzima, na wanawake walikuwa 3, Mukansanga akiwa mmoja wao. Dawa zikihalalishwa, anayezikataa ataachwa nyuma katika mbio za majaribio, na ruhusa itageuka kuwa lazima.

Yamkini msomaji atauliza mbona mwamuzi hunywa kahawa na kusaidiwa na video. Kafeini iliondolewa katika orodha ya vilivyokatazwa mwaka 2004, kwa wachezaji wenyewe. Video nayo haimdhuru mtu, na kila mmoja anajua kwamba inatumika. Kipimo ni kimoja: kisichoruhusiwa kwa anayehukumiwa kisiruhusiwe kwa anayehukumu. Wahenga walituonya tusipeleke kesi ya nyani kwa ngedere.

Dawa ya uchovu wa mwamuzi imo mikononi mwa wanaopanga mashindano. Wanaweza kuepuka saa za jua kali, kutenga muda wa kunywa maji kama ilivyofanyika Brazil mwaka 2014, na kumruhusu mwamuzi aliyezidiwa ampishe mwenzake bila aibu. Siku ile Limbe, mwamuzi wa akiba alikuwepo kando ya uwanja. Alipotakiwa kuumalizia mchezo, Watunisia walikuwa wamekwisha kuondoka na hawakurudi.