24 Aprili 1990: darubini iliyokataa kuona vizuri

Wandugu, tarehe 24 Aprili 1990 sisi Wakongomani tunaijua: Mobutu, kule N'Sele, alitangaza mwisho wa chama kimoja. Siku ile ile Wamarekani walirusha angani darubini Hubble, yenye kioo cha mita 2,4.

Picha zikafika na ukungu. Mafundi wakasogeza kioo cha pili kwa motere, mbele, nyuma, wakitafuta mahali ambapo nyota inakuwa ndogo kabisa. Hata darubini ndogo za motere zinajilenga hivyo: kusogeza, kupima, kulinganisha. Lakini kila mahali ukungu ulibaki. Kumbe motere ni nzima! Kioo kikubwa chenyewe kilisuguliwa vibaya, ukingo ukapungua kama maikromita 2.

Sababu? Chombo cha kupimia kioo kilikuwa na lenzi iliyokaa vibaya kwa milimita 1,3. Vipimo vingine viwili vilionyesha kosa mbele ya kurusha, lakini havikusikilizwa, maana kile chombo ndicho walikiamini zaidi. Desemba 1993 wanaanga walipanda kuivalisha "miwani".

Mimi ni mtu wa agronomia, lakini hadithi hii inatuhusu sisi wa labo. Kwa unyevu wa Kisangani, kuvu inaota ndani ya lenzi ya mikroskopu, na sisi tunazidi tu kuzungusha skurubu. Ukisogeza kote bila kupata mahali panapoonekana wazi, angalia lenzi kwanza. Na vipimo viwili vikipingana, usichague kile unachokipenda. Tafuta kwa nini vinapingana.