Malalo ya kobayi: namna ya kuyatunza yabaki makavu

Kobayi (simbilisi) wanafugwa jikoni mwa familia nyingi za Kivu Kusini: watoto wanapata nyama, na wakiuzwa minervali inalipwa. Lakini mikojo ikijaa chini yao, ile harufu kali inaumiza mapafu, na miguu inatoka vidonda.

Ukitandika majani, yawe makavu. Yaliyolowa utoe kila siku, ni mbolea ya shamba. Ukitandika kipande cha blanketi la zamani, weka majani makavu chini yake. Fagia mavi kila siku. Kisha siku 3 ao 4, kung'uta manyoya, fua na maji ya moto na sabuni kidogo, suuza muzuri, anika kwa jua. Usilirudishe likingali na unyevu: baridi inaua watoto wa kobayi. Kuwa na vipande 2, kimoja kikikauka kingine kitumike.