Kuikosa ndege: Ni lini abiria ana haki ya kudai?

KWA mkazi wa Bunju au Mbagala, safari ya ndege huanzia barabarani. Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere upo Kipawa, wilayani Ilala, na anayetoka pembezoni mwa Kinondoni au Temeke hana budi kukatiza jiji kuufikia. Daraja la juu la Mfugale, Tazara, lililofunguliwa mwaka 2018, na lile la Kijazi, Ubungo, la mwaka 2021, yamepunguza adha, lakini mvua moja kubwa ya masika hutosha kuirudisha foleni.

Foleni hiyo ndiyo hoja ya kwanza ya abiria anayekuta kaunta imefungwa. Kisheria ni hoja dhaifu. Kaunta za safari za nje mara nyingi hufungwa saa moja kabla ya ndege kuruka, na sharti hilo ni sehemu ya mkataba ambao abiria huukubali anaponunua tiketi. Aliyechelewa huhesabiwa kuwa hakutokea. Linalobaki ni kulipia mabadiliko ya safari, iwapo tiketi yake inaruhusu. Zile za bei nafuu aghalabu haziruhusu.

Chanzo kingine cha mabishano, kisichozungumzwa sana, ni saa yenyewe. Tiketi huandikwa kwa mtindo wa saa 24, ilhali Waswahili huhesabu kuanzia mapambazuko. Iliyoandikwa 09:00 ni saa 3 asubuhi. Anayeisoma kuwa saa 9 hufika alasiri, ndege ikiwa imeondoka kitambo. Tarehe ni hatari zaidi. Ndege ya 00:30 Jumanne huruka usiku wa kuamkia Jumanne, hivyo abiria anapaswa kuwapo uwanjani Jumatatu usiku. Mhudumu anayejibu kwa simu kuwa ndege ni "saa sita na nusu usiku" bila kutaja usiku upi, hajamsaidia mteja.

Mambo hugeuka pale aliyechelewa anapokuwa shirika. Mkataba wa Montreal wa 1999, ulioanza kutumika Tanzania Novemba 2003, unalibebesha shirika dhima ya hasara itokanayo na ucheleweshaji katika safari za kimataifa, isipokuwa lithibitishe kuwa lilichukua hatua zote za busara kuizuia. Tangu Desemba 28, 2024, ukomo wa fidia kwa abiria ni SDR 6,303, kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa. Huo ni ukomo tu. Anayedai hulipwa hasara aliyoithibitisha, na risiti ya hoteli au teksi hapo ina uzito kuliko maneno makali. Kesi hufunguliwa ndani ya miaka miwili.

Safari za ndani zipo nje ya mkataba huo na huongozwa na sheria za nchi pamoja na masharti ya tiketi. Msimamizi ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA), ambayo Desemba 2008 ilisitisha cheti cha uendeshaji cha Shirika la Ndege Tanzania (ATCL), ndege zikasimama na abiria wakakwama. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, linalotetea maslahi ya abiria.

Malalamiko huanzia kwa shirika husika, kwa maandishi. Kabla ya kuondoka uwanjani, abiria amwombe mhudumu aandike sababu ya kucheleweshwa na saa ya tukio.