Fedha na Sheria za Kenya katika Magazeti ya Kale



Ni desturi ya taarifa hii kutoa hesabu ya michango, matanga na misaada ya karo. Safari hii tumeomba kurasa za ziada ili tujibu swali ambalo vijana wetu hutuuliza mara nyingi: Kwa nini babu zao waliweka fedha zao katika mikebe na katika vyama kama hiki, hali benki zilikuwapo mijini tangu zamani? Tumelitafuta jibu katika machapisho ya kale, tukiyasoma moja kando ya jingine.

Tulianza na Gazeti Rasmi la Serikali, lililoanza kutolewa mwaka 1899. Si gazeti la kusomwa kwa raha. Hata hivyo mna mengi ndani yake: sheria mpya, mashamba yaliyogawanywa, mirathi ya marehemu, majina ya waliofilisika. Benki zenyewe hazikuchelewa kufika. National Bank of India ilifungua mlango Mombasa mwaka 1896, na Standard Bank of South Africa ikafuata mwaka 1911. Mwaka 1910 ilianzishwa Benki ya Akiba ya Posta, ambayo hata mtu wa kipato kidogo aliweza kuweka akiba yake. Lakini kuweka ni jambo moja, na kukopa ni jingine.

Fedha nayo ilibadilika upesi. Rupia, ambayo kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa sawa na shilingi moja na peni nne za Kiingereza, ilifungwa mwaka 1920 kwa kima cha shilingi mbili. Ikaja florini, kisha shilingi ya Afrika ya Mashariki. Masetla waliokuwa na madeni benki walijikuta wamelemewa, na bei za mazao zikaanguka wakati uo huo. Mwaka 1921 wakakubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa thuluthi moja. Tangazo la sarafu halimtaji kibarua hata kwa neno moja. Habari zake hupatikana katika historia ya Harry Thuku na chama chake, na ya watu waliopigwa risasi Nairobi Machi 1922 walipodai afunguliwe. Ndipo tulipotambua kwamba asomaye gazeti la Serikali peke yake amesoma nusu.

Jibu la swali letu, kwa maoni yetu, limo hasa katika sheria za ardhi. Mkopaji hutakiwa dhamana, na dhamana iliyopendwa na benki ni hati ya shamba. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1915 iliihesabu ardhi iliyokaliwa na Waafrika kuwa ni mali ya Mfalme wa Uingereza. Mwaka 1920 nchi ikafanywa koloni. Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1920 Jaji Mkuu Barth, akihukumu kesi ya Isaka Wainaina, alitamka kwamba Waafrika walikuwa wapangaji tu katika ardhi hiyo, wakikaa kwa hiari ya Mfalme. Hukumu hiyo ilichapishwa katika vitabu vya kesi, na yeyote aweza kuisoma. Mpangaji wa namna hiyo angeweka nini rehani? Malalamiko juu ya ardhi yakasikika katika Muigwithania, gazeti la Kikuyu lililoanza mwaka 1928, Jomo Kenyatta akiwa mhariri wake.

Juu ya hayo palikuwa na sheria ya mikopo. Ile ya mwaka 1948 ilisema kwamba asiye Mwafrika akimkopesha Mwafrika zaidi ya shilingi 200, hataweza kulidai deni hilo mahakamani ila kwa mkataba ulioshuhudiwa na ofisa. Ilidaiwa kwamba inamkinga Mwafrika na madeni. Sisi twaona ilimkinga pia na biashara.

Kwa hiyo watu walijikopesha wenyewe. Oginga Odinga na wenzake walikusanya hisa ndogo ndogo, wakaanzisha Luo Thrift and Trading Corporation katika miaka ya 1940, wakafungua duka Maseno na kununua mtambo wa kupigia chapa. Hapana benki iliyowatangulia.

Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 na sheria ya kuandikisha mashamba ya mwaka 1959 ndiyo iliyowapa wakulima wengi hati. Tangu hapo majina yetu yameingia katika Gazeti Rasmi, pengine kwa huzuni: fulani amepoteza hati ya shamba, fulani shamba lake lanadiwa. Benki Kuu ya Kenya ilianzishwa mwaka 1966, na Septemba mwaka huo noti zetu wenyewe zikatoka.

Gazeti Rasmi limehifadhiwa, na vitabu vya kesi vimehifadhiwa. Vitabu vya vyama vyetu sivyo. Daftari letu la kwanza la michango tumelikuta limeliwa na mchwa. Majina ya waliochanga yasomeka hadi herufi M tu. Mzee yeyote mwenye stakabadhi, kadi au taarifa ya zamani ya chama, hata iliyochanika, na amletee katibu. Itanakiliwa mbele yake, naye atarudishiwa ile yake siku hiyo hiyo.